Mwacheni mjane alie

Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie. Mimi ni mshauri wa kichungaji hapa Tororo, Uganda, kazi yangu kubwa ni wafiwa, na mimi mwenyewe ni mjane. Juzi tena nimesikia kwenye kipaza sauti cha mazishi maneno yaleyale: "Dada yetu ameokoka, ndiyo maana mnaona halii. Ana tumaini." Watu wakaitikia amina. Dada mwenyewe ameketi kwenye mkeka karibu na jeneza, uso mkavu kabisa. Wa namna hiyo nawafahamu. Mmoja wao huja kwangu miezi kadhaa baadaye, usiku wakati watu hawamwoni, hali chakula, hapati usingizi, na anaogopa kumwambia mtu yeyote wa felloshipu kwamba akipiga magoti maneno hayatoki.

Mstari unaotumika kumnyamazisha ni Wathesalonike wa Kwanza 4:13. Wahubiri wetu wanaupenda, ila wanaukatia katikati. Paulo anasema "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Hakuweka nukta baada ya kuhuzunika. Anachokataza ni huzuni ya mtu anayeona kwamba kaburi limemaliza kila kitu. Huzuni nyingine ameiacha palepale ilipo. Na kama bado mnabisha, fungueni Wafilipi 2:27, mahali ambapo sijawahi kusikia pakisomwa mazishini. Epafrodito aliumwa karibu kufa, akapona, na Paulo anasema Mungu amemhurumia yeye pia, asije akapatwa na huzuni juu ya huzuni. Maana yake ni kwamba Epafrodito angekufa, Paulo angelia. Huyu ndiye mtu aliyeandika sura nzima ya ufufuo kwa Wakorintho! Alijua anakokwenda rafiki yake, na bado moyo ungemuuma. Sasa huyu mama wa watoto wanne, aliyeosha mwili wa mume wake jana, tunamdai imani kubwa kuliko ya Paulo?

Kuhusu machozi ya Yesu kwa Lazaro sitasema mengi, mnayajua. Ila mkumbukeni mjane wa Sarepta. Kila siku ya harambee anahubiriwa kwa sababu ya unga na mafuta, lakini hadithi haikuishia kwenye chupa ya mafuta. Mtoto wake anakufa, naye anamgeukia Eliya kwa ukali, anamuuliza kama alikuja nyumbani kwake ili amuue mwanawe. Eliya hamwambii "dada, linda kinywa chako." Anasema nipe mtoto, anambeba, anapanda naye juu, na akifika huko yeye mwenyewe anamlalamikia Mungu. Au wajane wa Yafa katika Matendo 9, waliosimama wakimlilia Tabitha na kumwonyesha Petro nguo alizowashonea. Sawa, Petro aliwatoa nje wote kabla ya kuomba, hilo siwezi kulificha, lakini hakuwahubiria kwanza.

Halafu kuna Isaya 54:5, kwamba Muumba wako ni mume wako. Neno hili lilisemwa kwa Yerusalemu, mji uliokuwa umeachwa kama mke aliyekataliwa. Mjane akilichukua na kulifanya lake, alichukue kwa mikono miwili. Mimi lilinishikilia usiku mwingi, na sitamruhusu msomi yeyote aninyang'anye. Linaloniudhi ni nani analisema, na wakati gani. Shemeji anakuja siku ya tatu baada ya mazishi, kadi ya pikipiki ya marehemu iko mfukoni mwake tayari, anakaa kwenye kiti cha kaka yake, anasema kwa upole: "Mama, usiogope, Mungu ni mume wa wajane." Kweli. Basi hiyo pikipiki mrudishie Mungu.

Na wachungaji wangu, tusimcheke shemeji peke yake. Senti mbili za yule mjane tunazihubiri kila mwaka. Marko 12:41 ndiyo inaanza habari za sanduku la sadaka, na mstari unaotangulia, wa 40, Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Vimeshikana. Sidhani Marko aliviweka pamoja kwa bahati mbaya. Wengine wanasoma kwamba Yesu anamsifu mjane tu, wengine kwamba anahuzunika kuona dini iliyomwacha na senti mbili kisha ikazipokea. Mimi niko upande wa pili, ingawa siwezi kuapa. Ninachoweza kusema ni kwamba kanisa linalopitisha kikapu mbele ya mjane wa wiki mbili, wakati mabugo (michango ya rambirambi) yote yamebaki mikononi mwa ukoo, lianze na mstari wa 40.

Sheria nitaipita haraka, ila isikieni vizuri, kwa sababu tumaini la mjane mara nyingi huvunjikia hapa kabla ya kuvunjikia kwenye maombi. Katiba ya 1995, ibara ya 31, inaliagiza Bunge litunge sheria za kulinda haki ya wajane kurithi na kuwalea watoto wao. Sheria ya Mirathi ikarekebishwa mwaka 2022. Mume akifa bila wosia, mke (au wake wote kwa pamoja) hupata asilimia 20, watoto 75, ndugu waliokuwa wakimtegemea 4, na mrithi wa kimila, yule anayevishwa kanzu ya gome siku ya matanga ya mwisho, asilimia 1. Moja! Nimeshawahi kulisema hili mbele ya ukoo mzima nikaangaliwa kama mchawi. Nyumba mliyokuwa mkiishi haiingii kwenye mgao huo, na kumfukuza mjane humo ni kosa la jinai. Lakini sheria inataka ndoa inayotambulika, ya kanisani, ya serikali au ya kimila. Kuishi pamoja tu, hata miaka ishirini, hakutoshi, na hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Anzeni na barua ya LC1 (baraza la kijiji), cheti cha kifo cha NIRA (mamlaka ya usajili na vitambulisho), kisha ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi mpate barua ya kutokuwa na pingamizi, halafu mahakama itoe barua za usimamizi. Inachosha. Ni kazi ya kiroho pia, akina mama, msiione kuwa ni tamaa ya mali. Yule mjane wa Luka 18 hakuwa anamsumbua kadhi kwa sababu ya maono.

Mwili nao. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja tena na chakula. Ndiyo maana nikienda kumwona mfiwa napeleka kwanza posho (ugali) na maharage, na kwa dakika nyingi sisemi kitu. Nikipata nafasi ya kuuliza swali moja nauliza, "Unalala?" Asiyelala wiki nzima hawezi kujua kama amepoteza imani au amepoteza usingizi. Akisema kifua kinambana, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Iko hali ambayo madaktari wanaijua vizuri, misuli ya moyo hulegea ghafla kwa mshtuko wa huzuni, na wanaopatwa zaidi ni wanawake waliokwisha koma hedhi. Na mtu atakayemwambia mjane aache ARV kwa kuwa ameombewa, huyo mimi simwiti mchungaji. Noerine Kaleeba alifiwa na mume wake Christopher kwa UKIMWI mwaka 1987, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI na familia zao. Wengi wao walikuwa wanaumwa au wamefiwa. Walikutana, walilia, walisali, kisha wakapanga nani atamtembelea nani. Mpaka leo sijaona mpango wa huduma unaoupita huo.

Kwenye semina tunafundishwa hatua tano za maombolezo, na watu wanazikariri kama amri kumi. Hatua hizo zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa huko Marekani. Wajane hawakuulizwa. Mjane ninayemjua mimi haendi kwa hatua. Asubuhi yuko sokoni anapima mchele na kutaniana na wateja, jioni anakuta viatu vya marehemu chini ya kitanda na anashindwa kusimama. Kesho anacheka tena. Majirani wakimwona anacheka husema hakumpenda mume wake, wakimwona analia husema ameishiwa imani. Yeye anafanya kazi zote mbili, ya kuomboleza na ya kuishi, na anapumzika kutoka moja kwa kuingia nyingine. Muda wake siujui. Wakiniuliza "itaisha lini?" nanyamaza.

Yako mengine sina jibu lake. Anakuja mama, anafunga mlango, anasema kwa sauti ya chini kwamba tangu mume afe anapumua. Alikuwa anapigwa. Kanisani marehemu aliitwa mtumishi mwaminifu, mabango yakachapishwa, na yeye akakaa kwenye mkeka akiwaza kama nafuu anayoisikia ni dhambi. Kitabu cha ibada yetu hakina sala ya mtu huyo. Nimejaribu kumwandikia moja na sijaridhika nayo. Namwambia tu kwamba Mungu aliyaona mapigo, kwa hiyo hana la kumficha, na kwamba anaweza kulia kwa ajili ya ndoa ambayo hakuipata.

Kuolewa tena ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na Paulo hanisaidii sana. Kwa Wakorintho anasema mjane ana heri zaidi akikaa hivyohivyo, ingawa yuko huru kuolewa katika Bwana. Kwa Timotheo anataka walio vijana waolewe, wazae, wawe na madaraka ya nyumbani, na wa kuandikwa kwenye orodha ya kanisa wawe wametimiza miaka 60. Nadhani alikuwa anatazama watu wawili tofauti mbele yake, kama mimi. Yupo anayetafuta mwenzi, na yupo anayetafuta mtu wa kumlinda dhidi ya mashemeji. Huyu wa pili, akija na habari za mwanaume mpya wa kanisa la ng'ambo ya mpaka, mwenye lori na ushuhuda mzuri, namuuliza kwanza kama barua za usimamizi zimetoka. Kama bado, habari za huyo bwana tutazizungumza zikishatoka.