Programu ya zamani ikigoma kwenye Windows mpya, anza na biti

Wengi hukimbilia kichupo cha Compatibility (kwenye Properties ya faili ya programu), wakachagua Windows XP na kusubiri bahati. Kichupo hicho kina kazi yake, ila ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: huidanganya programu kuhusu toleo la Windows na kurudisha tabia chache za zamani. Kama tatizo liko kwingine, utabofya mpaka uchoke. Mimi huanza na biti: je, programu ni ya biti 16, 32 au 64, yaani huchakata data kwa vipande vya ukubwa gani kwa mara moja?

Fungua faili ya .exe kwa Notepad, na usihifadhi chochote. Mwanzoni kuna herufi MZ. Shuka kidogo: PE ikifuatwa na L ni biti 32, PE ikifuatwa na d ni biti 64, na NE ni programu ya Windows ya biti 16. Usipoona PE wala NE, huenda ni ya DOS, mfumo endeshi wa kabla ya Windows.

Windows ya biti 64 haina NTVDM, sehemu iliyokuwa ikiendesha programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Hapo hakuna mpangilio wa kubadilisha. Ya DOS iendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoiga DOS. Ya biti 16 ya Windows ijaribu kwa winevdm, programu inayoendesha za biti 16 kwenye Windows ya biti 64, au weka Windows ya biti 32 kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako). Angalia mtego huu: programu nyingi za miaka ya 1990 ni za biti 32, lakini setup.exe yake ni ya biti 16. Kinachokataa ni kisakinishi tu, kwa hiyo kagua na faili nyingine zilizomo kwenye CD.

Ikiwa ni ya biti 32 na inafunguka, tatizo linalosumbua zaidi ni data "kupotea". Programu za enzi za XP ziliandika data ndani ya Program Files. Tangu Vista, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo, hivyo Windows huhamishia maandishi hayo kimyakimya kwenye AppData\Local\VirtualStore. Siku ukiiendesha kama msimamizi, inasoma folda halisi, na rekodi za miezi yote hazionekani. Hazijafutika! Zitafute VirtualStore, zinakili, kisha sakinisha programu upya nje ya Program Files, mfano C:\Hesabu.

Ikilalamika kwamba MSVCR100.dll haipo, weka Visual C++ 2010 ya x86 (kifurushi cha Microsoft chenye faili hiyo, toleo la biti 32), hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa kuwa kinachoangaliwa ni biti za programu. Usipakue DLL (faili za msimbo ambazo programu huzitegemea) mojamoja kutoka tovuti usizozijua. Ikidai .NET 2.0, mfumo wa Microsoft ambao baadhi ya programu huhitaji ili zifanye kazi, washa .NET Framework 3.5 kwenye Windows Features, 2.0 imo ndani yake.

Majina ya folda nayo hupotosha kwenye Windows ya biti 64: System32 ina faili za biti 64, na SysWOW64 ina za biti 32. Programu ya biti 32 isipoona chanzo chake cha ODBC (njia ya programu kuunganishwa na hifadhidata), kitengeneze kwa C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe.

Draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa, ni habari nyingine. Draiva ya biti 32 haipakiki kabisa kwenye Windows ya biti 64, na hali ya XP haiigusi. Kama programu inategemea kifaa cha USB ambacho mtengenezaji hakukitolea draiva mpya, weka XP ya biti 32 kwenye mashine pepe, ipitishie kifaa hicho, na ikate kwenye intaneti.