Mafuta si kuni tu ndani ya msuli

Wengi waliosoma kidogo kuhusu mazoezi hukwambia kuwa AMPK, kimeng'enya kinachopima nishati ya seli, huamka pale tu seli inapoishiwa. Ni kweli nusu. Msuli ukifanya kazi, ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) hutumika, AMP (mabaki yake baada ya nishati kutumika) huongezeka, nayo AMP hunasa kwenye kipande cha gama cha kimeng'enya na kukiwasha.

Kinachosahaulika ni kwamba asidi za mafuta nazo zina usemi. Mwaka 2006 watafiti walizipa seli za misuli ya panya, maabarani, asidi ya palmitiki na ya linoleiki. AMPK ikapanda, ilhali uwiano wa AMP na ATP haukubadilika. Mwaka 2020 ikaonyeshwa njia mojawapo: asidi ndefu ya mafuta, ikishaunganishwa na koenzaimu A (molekuli msaidizi inayoibeba), huishika AMPK moja kwa moja, ile yenye kipande cha beta cha aina ya 1. (Misuli ya mifupa ya binadamu ina aina nyingine, beta 2, kwa wingi, kwa hiyo tusikimbilie kusema jibu lote limepatikana.)

AMPK ikishawaka, huzima kimeng'enya cha ACC2 kinachotengeneza malonili-koA. Hiyo malonili-koA ndiyo huizuia CPT1, mlango wa mafuta kuingia mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Ikipungua, mafuta huingia na kuchomwa. Yaani yamejifungulia njia yenyewe.

Lakini usidhani chapati zilizojaa mafuta zitafanya kazi ya mazoezi. Palmitiki ikirundikana kwa muda mrefu huzalisha seramidi, aina nyingine ya mafuta, na seramidi huvuruga kazi ya insulini.