Kwa nini "May God bless you" inageuka kuwa kauli ya kutendwa, lakini "Long live the King" inakataa?

Mwambie mwanafunzi wa sekondari ageuze sentensi "Juma broke the cup" iwe ya kutendwa, atakujibu papo hapo: "The cup was broken by Juma." Sasa mpe "May God bless you". Hapo wengi huandika "You may be blessed by God", na wengine "May you are blessed by God". Majibu yote mawili si sahihi, na kila moja limekosewa kwa sababu yake.

Tuanze na la kwanza. Neno "may" kwa Kiingereza lina kazi zaidi ya moja. Katika "You may go" linatoa ruhusa. Katika "It may rain" linasema huenda mvua ikanyesha. Katika "May you go in peace" linaomba dua. Neno ni lile lile; linalobadilika ni mahali lilipokaa. Likitangulia kiima, yaani anayezungumziwa na sentensi kama "you" hapo, katika sentensi isiyo swali, ni dua. Ukilirudisha nyuma ya kiima, dua inakwisha. Ndiyo maana anayeandika "You may be blessed by God" amesema "huenda ukabarikiwa na Mungu". Sarufi yake haina kasoro, ila ombi limegeuka kuwa kubahatisha.

La pili, "May you are blessed", limevunjika kwa sababu "are" imebeba wakati uliopo. Dua haielezi jambo linalotokea sasa wala lililokwisha kutokea, inalitaka litokee. Kwa hiyo baada ya "may" kitenzi hubaki kitupu, yaani "be". Sisi wenyewe tunafanya vivyo hivyo: tunamwambia mtu "ubarikiwe", hatumwambii "unabarikiwa". Basi jibu sahihi ni "May you be blessed by God". Yambwa, yaani anayetendewa, amepanda kuwa kiima, "may" imebaki mbele ya wote, kisha "be", kisha umbo la tatu la kitenzi, na mtenda mwishoni akihitajika.

Kuna dua ambazo hata "may" hazina. "God bless you" ni mojawapo. "God save the King", wimbo ulioimbwa hadharani katika kumbi za maonyesho za London mwaka 1745, ni nyingine. Angalia kitenzi "save": hakina "s" mwishoni, ingawa mtenda ni mmoja. Kikiongezewa "s", "God saves the King", inakuwa taarifa kwamba Mungu humwokoa mfalme. Hilo ni umbo la kale la kutakia jambo, ambalo Kiingereza cha leo kimeliacha isipokuwa katika misemo iliyoganda. Ukitaka kuligeuza, lirudishie kwanza "may" yake: "May God save the King", halafu "May the King be saved by God".

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika Sala ya Bwana, kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Kuna matakwa matatu yanayofuatana: "Hallowed be thy name. Thy kingdom come. Thy will be done." La kwanza na la tatu ni ya kutendwa, la kati ni la kutenda. Soma sasa ya Kiswahili: "Jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe." Mpangilio ni ule ule! Kuna "w" ya kutendwa mwanzoni na mwishoni, na katikati hakuna. Si nasibu. Kutukuza kunahitaji kinachotukuzwa na kutimiza kunahitaji kinachotimizwa, lakini kuja hakuna kinachojiwa. Ufalme unakuja, basi.

Jibu la swali letu limo humo. Kauli ya kutendwa hujengwa kwa kumpandisha yambwa kwenye kiti cha kiima, na pasipo yambwa hakuna wa kumpandisha. "Long live the King" ina "live", kuishi, na mfalme aliye mwishoni mwa sentensi si yambwa: yeye ndiye kiima kilichosogezwa nyuma. Ipange upya uone: "May the King live long." Nani ametendwa hapo? Hakuna. Vivyo hivyo "May she rest in peace" haigeuki, na "May your journey be safe" haigeuki. Katika salamu zetu za rambirambi tofauti hiyo inaonekana pia: "Apumzike kwa amani" inabaki ilivyo, wakati "Mungu ailaze roho yake mahali pema" inageuka bila taabu kuwa "Roho yake ilazwe mahali pema".

Tahadhari na "have". "May you have a long life" ina yambwa, tena yuko wazi, lakini "May a long life be had by you" si Kiingereza ambacho mtu angekitamka. Kitenzi hicho kikieleza kumiliki hakipendi kutendwa. Swali la mtihani likikuletea sentensi ya namna hiyo, kuiacha ilivyo ndiko kuielewa.

"May God forgive me" nayo ina mtego wake. Inageuka kuwa "May I be forgiven by God", na hapo "May I" inasikika kama mtu anayeomba ruhusa, mfano "May I come in?" Kinachookoa maana ni alama ya mwisho, kwa hiyo nukta isisahauliwe na alama ya kuuliza isiwekwe.

Dua zenye yambwa wawili zina njia mbili. "May God grant you peace" inaweza kuwa "May you be granted peace" au "May peace be granted to you". Ya kwanza ndiyo nyepesi mdomoni, na ndiyo iliyo jirani na "ujaliwe amani".

Yamebaki matakwa ya "I wish". Hapa vitenzi ni viwili, na kinachogeuzwa ni cha pili tu, anayetamani haguswi. "I wish someone would repair this road" inakuwa "I wish this road would be repaired". "I wish they had invited me" inakuwa "I wish I had been invited". Wakati wa kitenzi cha pili hubaki ulivyokuwa: penye "had" ongeza "been", penye "would" ongeza "be". Na pale kitenzi kilipo katika wakati uliopita wa kawaida, kama "I wish he loved me", andika "I wish I were loved by him". Mitaani utasikia "was", lakini walimu wengi wanataka "were", hata kwa "I".