Mtoto mchanga alale wapi usiku?

Swali hili tunaulizwa karibu kila siku ya kliniki hapa Moshi, na siku hizi mama anakuja nalo akiwa na simu mkononi. Amesoma kwamba Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinakataza mtoto kulala kitanda kimoja na wazazi. Amesoma pia kwamba kulala na mtoto kunarahisisha kunyonyesha. Nyumbani mama mkwe anamwambia watoto wote wa ukoo huo wamelala ubavuni mwa mama zao, na wamekua. Amsikilize nani?

Tuanze na Wamarekani. Mwongozo wao wa mwaka 2022 unataka mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, ila kwenye sehemu yake mwenyewe. Wengi wanashika hilo la mwisho tu, wanamhamishia mtoto chumba cha pili. Hakuna aliyewashauri hivyo.

Kuhusu kitanda kimoja, watafiti wenyewe wamegawanyika. Mwaka 2013 Robert Carpenter na wenzake waliunganisha takwimu za tafiti 5 za Ulaya na New Zealand. Waliona kuwa kwa mtoto wa chini ya miezi 3, kulala kitanda kimoja na wazazi kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha usingizini kama mara 5, hata kama wazazi hawavuti sigara na mama hajanywa pombe. Mwaka 2014 Peter Blair na wenzake wa Uingereza walichambua takwimu zao, wasione ongezeko la maana pale ambapo hakuna sigara, pombe wala sofa. Vifo hivi ni nadra, ndiyo maana ni vigumu kupata jibu moja.

Wanakokubaliana ndiko kwenye faida kwetu: kulala na mtoto ni hatari penye sigara, pombe, dawa za kusinzisha au sofa, na kwa mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito pungufu. Hapo hakuna mjadala.

Sofa ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mama aliyeogopeshwa kulala na mtoto huamka saa nane usiku, huenda kukaa sebuleni anyonyeshe, usingizi ukamchukua hapohapo. Mtoto huteleza kati ya mwili wake na mto wa sofa, pua ikazibwa. Hata mwongozo wa Marekani unakiri kwamba kama kuna uwezekano wa kusinzia, kitandani ni afadhali kuliko kwenye sofa.

Pombe nayo hapa kwetu haionekani kama pombe. Wapo wanaompa mama mzazi mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ili maziwa yaongezeke, kwa nia njema kabisa. Mama aliyekunywa mbege, au baba aliyetoka kilabuni, asilale kitanda kimoja na mtoto usiku huo. Kwa hili sina lugha laini.

Kisha kagua kitanda chenyewe. Bonyeza godoro kwa kiganja. Likibaki na shimo baada ya kuondoa mkono, au kama limebonyea katikati, mtoto atabingirika hadi chini ya kifua chako. Mwanya kati ya kitanda na ukuta ni hatari, na wengi huko ndiko wanakomlaza mtoto wakidhani ni salama. Mito iondolewe, blanketi zito lisimfikie usoni, na kaka yake wa miaka mitatu asilale karibu naye. Mama awe katikati ya mtoto na wengine. Chandarua kichomekwe chini ya godoro. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya mlima inaposhuka, usiingize jiko la mkaa chumbani: hewa yake ya sumu haina harufu na huua nyumba nzima.

Sehemu yake mwenyewe si lazima iwe kitanda cha dukani. Godoro dogo, gumu na bapa, kando ya mama na chini ya chandarua, linatosha. Mtoto njiti alale hapo. Kumbeba kifuani kwa mtindo wa kangaruu, akiwa amefungwa vizuri kama alivyoelekezwa mama wodini, ni jambo jingine na tunalihimiza.

Popote atakapolala, alale chali. Bibi wengi wanaogopa kwamba akicheua atapaliwa. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa hayaingii kirahisi kwenye njia ya hewa. Marekani ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vikapungua kwa zaidi ya nusu.

La mwisho ni kuamka-amka. Mama wengi wanadhani mtoto wa miezi 6 asiyelala usiku kucha ana tatizo, au maziwa hayamtoshi. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 38 ya watoto wa umri huo hawalali saa 6 mfululizo, na ukuaji wao haukutofautiana na wa wenzao. Anayehitaji msaada hapo ni mama. Baba ampokee mtoto akishanyonya saa kumi alfajiri, amcheulishe, ambadilishe nepi na kumlaza chali, mama apate saa mbili za usingizi.