Sina mtu: jumuiya ya kanisa na majirani waliosahaulika

Fomu ya kulazwa hospitalini ina mstari ambao wagonjwa wengi huujaza bila kufikiri: jina la ndugu wa karibu na namba yake ya simu. Mimi ni ofisa ustawi wa jamii katika hospitali ya dayosisi, na mstari huo ndio ninaoutazama kwanza. Nikiukuta mtupu navuta kiti nakaa. "Nani amekuleta, mama?" Bodaboda. "Nani atakuletea uji kesho asubuhi?" Hapo ndipo linapotoka lile jibu la maneno mawili: sina mtu.

Kwa hesabu ya ukoo, mara nyingi si kweli. Ukiendelea kuuliza utasikia ana watoto wawili Dar es Salaam, mmoja yuko machimboni, na mdogo wake yuko wilaya ya jirani. Anaposema hana mtu anamaanisha hana wa kumwambia "nishike mkono twende chooni". Wasomaji wa Injili ya Yohana, sura ya 5, wanalikumbuka jibu hilo. Yule aliyeugua miaka 38, akilala kando ya birika, yaani bwawa ambalo wagonjwa waliamini maji yake yanaponya, alipoulizwa na Yesu kama anataka kupona, hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema hana mtu wa kumtia majini. Maji yalikuwepo na watu walijaa pale matao yote.

Nayaandika haya kwa ajili ya viongozi wa jumuiya na wa mitaa ya sharika, maana ninyi mnao mfumo ambao ofisi yangu haitaupata hata ikiongezewa bajeti mara kumi. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, chini ya umoja wao wa AMECEA, waliamua maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na mwaka 1976 wakalikazia tena jambo hilo. Walutheri, Waanglikana na Wamoravian nao wana sala za nyumba kwa nyumba kwa majina yao. Kaya kumi au kumi na tano, zinazojuana kwa majina ya watoto na kwa kelele za majogoo, zinakutana kila juma. Wakati UKIMWI ulipoingia nchini Tanzania, wagonjwa wa kwanza wakitambuliwa Kagera mwaka 1983, huduma ya wagonjwa majumbani katika miaka iliyofuata ilibebwa kwa sehemu kubwa na watu wa aina hii, wakiwa na beseni, sabuni na moyo. Kwa hiyo uwezo upo. Tatizo liko kwenye mahali mfumo huu unapovuja, na tukitaka kuuziba inabidi tuseme ukweli kidogo.

Sala ya jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba. Nyumba isiyo na viti vya kutosha, au yenye mgonjwa ambaye harufu ya chumba chake inawaaibisha wenyeji, huanza kurukwa. Hakuna anayekusudia ubaya. Katibu anasema tu, "Kwa bibi tusimsumbue, twende kwa mama fulani." Mwezi wa pili anarukwa tena. Mwaka unapokwisha jina lake limebaki kwenye daftari na yeye mwenyewe hayumo tena. Kisha kuna michango: ya ujenzi, ya harambee, ya mavuno, ya zawadi ya paroko. Aliyeshindwa kulipa mara mbili haji mara ya tatu, kwa sababu anajua orodha itasomwa. Na juu ya hayo yote kuna lile neno tunalolisema kwa utani na linaloua kabisa: "Usipohudhuria jumuiya, utazikwa na nani?" Nimewahi kumwona mzee amepanda daladala akiwa na homa ili tu aonekane kwenye sala, asije akakosa padri siku ya maziko yake. Jumuiya inayowahesabu waliofika bila kuuliza kwa nini wengine hawakufika imegeuka kuwa chama cha kuzikana.

Zoezi la kwanza ninalolitoa ninapoalikwa kwenye semina za viwanja vya parokia ni jepesi. Chukueni daftari la jumuiya, mwandike pembeni majina ya wote ambao hawajaonekana miezi mitatu. Mbele ya kila jina andikeni sababu mnayoijua, si mnayoidhania. Mara nyingi safu ya sababu inabaki nyeupe, na hapo ukumbi unanyamaza kidogo.

Majina yanayojitokeza si ya wazee peke yao. Kuna dada wa kazi ambaye hajawahi kupewa Jumapili ya mapumziko. Kuna kijana aliyetoka gerezani. Kuna aliyetengwa kwa adhabu ya kanisa na hakuna aliyemfuata kumwonyesha njia ya kurudi kundini. Wanaoniuma zaidi ni akina mama wenye watoto wenye mtindio wa ubongo. Mama wa namna hii huacha kanisa taratibu: kwanza anahamia benchi la nyuma, halafu anasimama nje chini ya mwembe, halafu anabaki nyumbani. Mtoto alipiga kelele wakati wa mahubiri, vichwa vikageuka, basi. Baba mara nyingi alishaondoka zamani. Mtoto ana miaka tisa sasa, amekuwa mzito, anabebwa mgongoni, na mgongo wa mama umeanza kuharibika. Ukimwuliza mama huyu anahitaji nini, hatataja unga. Atasema anataka mtu amshikie mtoto saa mbili aende sokoni, au alale tu. Saa mbili hizo hazina gharama, ila zinahitaji mtu aliyefundishwa jinsi ya kumlisha mtoto huyo akiwa ameketi wima, taratibu, asipaliwe.

Watu huniuliza kama upweke ni suala la hospitali. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti yake: mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke unahusishwa na vifo takribani 871,000 kwa mwaka. Wodini kwetu njia yake inaonekana kwa macho. Anayekaa peke yake hapiki. Anashindia chai ya rangi na kiporo. Dawa za presha zikiisha hakuna wa kumkumbusha. Mdomo ukipinda upande asubuhi kwa kiharusi, hakuna wa kuuona mpaka jioni, na saa zile za mwanzo ndizo zenye thamani. Halafu kuna sonona, ambayo kwa wazee wetu haiji na machozi. Inakuja kama kukosa hamu ya kula na maumivu yasiyo na mahali. Tofautisheni pia kuwa peke yako na upweke. Bibi anaweza kuishi na watu wanane na wote wakampita koridoni.

Sasa, ziara yenyewe. Mtindo tuliouzoea ni wa msafara: watu ishirini wenye sare, sukari kilo mbili, sabuni ya mche, picha ya pamoja, sala, kwaheri hadi Kwaresima ijayo. Sisemi ni dhambi. Nasema kwa mtu aliyetengwa, siku inayofuata huwa mbaya kuliko iliyotangulia, na ile sukari huenda ameletewa mgonjwa wa kisukari. Kinachofaa ni watu wawili, walewale, siku ileile ya juma, kwa nusu saa. Akijua kwamba Jumatano saa kumi mtakuja, Jumanne atafagia na Jumatano ataoga. Hiyo pekee ni tiba.

Pigeni hodi na msubiri. Nyumba ya mgonjwa bado ina mwenyewe. Adabu yetu ya zamani ya kupiga hodi mara tatu na kuondoka usipoitikiwa haikumtoa mlemavu wala maskini, lakini kwao ndiko tunakoivunja zaidi. Kisha ulizeni. Bartimayo wa Injili alikuwa kipofu, na kila mtu pale barabarani aliliona hitaji lake, bado Yesu alimwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Ninawajua waliojibu swali hilo kwa kuomba wakatwe kucha za miguu, kwa kuwa hawajaweza kuinama tangu mwaka juzi. Kateni, lakini kama ana kisukari msizikate kwa kina, na mtazame nyayo na katikati ya vidole. Kidonda cha hapo hakiumi na ndicho kinacholeta kukatwa mguu. Kwa asiyeweza kujigeuza kitandani, fundisheni familia kumgeuza kila baada ya saa mbili na kutazama kiunoni, nyongani na visiginoni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo pitisheni mkono: palipo na joto au ugumu kuliko pembeni, kidonda kinaanza. Na kabla ya kumwita mzee mpotevu wa akili, semeni naye uso kwa uso na kwa sauti nzito. Wengi hawasikii tu, au wana mtoto wa jicho, jambo ambalo upasuaji mfupi huliondoa.

Macho yana habari nyingine. Katika Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakawa ushahidi. Wekundu ule ni wa moshi wa miaka hamsini jikoni, wa kuni na samadi, au ni vikope, yaani trakoma, ambayo hukunja kope zikachoma jicho. Mtu wa namna hii hatengwi kwa kusahaulika. Ametengwa kwa mnong'ono. Hapo ziara ina kazi isiyo ya kidaktari: jumuiya ikisali uani kwake mchana kweupe, ikanywa maji ya mtungi wake, mtaa mzima unaona. Nimeona mnong'ono ukipoa kwa chai ya jioni moja kuliko kwa mkutano wa hadhara. Kukiwa na tishio la wazi, msibaki na maombi tu; nendeni kwa mtendaji na polisi siku hiyohiyo.

Kuhusu karatasi nitasema kwa kifupi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa gharama za matibabu. Wengi hawaupati kwa kuwa barua inaanzia ofisi ya mtaa au kijiji, kisha inakwenda ustawi wa jamii, na hatua zile ni ndefu kwa mguu mbovu. Mmoja wenu mwenye pikipiki na subira anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa asubuhi mbili. Mkigundua mzee anapigwa au ananyang'anywa shamba, njooni kwangu au kwa mwenzangu wa kata yenu. Msikae kikao cha kuwapatanisha mbele ya anayempiga.

Na picha, jamani. Mtu aliyelala kwenye mkeka uliochafuka si tangazo la jumuiya yenu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya ya mtu zina ulinzi wa kisheria. Lakini hata kabla ya sheria, bibi zetu walijua kwamba kilichoonekana chumbani kwa mgonjwa kinabaki chumbani. Hilo linahusu pia nia za sala. "Tumwombee dada yetu ambaye majibu yake yametoka" ni umbea uliovaa kanzu.

Kanisa la kwanza nalo lilivuja mahali hapahapa. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza kwamba wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Huwa nawaomba washiriki wa semina wasome majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaelekea mgawo ulikabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa umesahauliwa. Sisi kamati zetu za huruma tunazijaza wenye magari.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayetembelewa apewe kazi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa aliyezoea kupokea tu, jembe hilo ni heshima. Katika jumuiya moja niliyoifuatilia, bibi asiyeweza kutembea aliombwa atunze daftari la majina, kwa kuwa macho yake yalikuwa mazima na mwandiko wake wa shule ya misheni ulikuwa mzuri kuliko wa katibu. Sala ikawa inaanzia kwake kila mwezi, viti vikiazimwa. Yeye ndiye aliyeanza kuuliza, kabla ya wimbo wa kwanza: na yule mama wa mtoto mgonjwa, mbona simwoni wiki ya tatu?

Jambo la mwisho ni la kuondoka, maana watu huhama, huolewa, hupata kazi Dodoma. Usikate ziara ghafla. Wiki mbili kabla, nenda na atakayeshika nafasi yako, kaeni wote watatu, mwonyeshe dawa zinapowekwa na namna mlango unavyofunguliwa. Kisha andika namba ya simu ya mgeni huyo mpya kwa kalamu nene, ubandike ukutani mahali mgonjwa anapoweza kuisoma akiwa amelala.