Je, wajua kwa nini parsele mbili, yaani viwanja viwili, za ukubwa mmoja Goma haziuzwi bei moja?

Chukua mfano wa parsele mbili zinazopakana Himbi, moja ya kartie (mitaa) za Goma. Zote ni mita 20 kwa 25, zote zina nyumba ya vyumba vitatu ya matofali, na kutoka zote mbili unaliona ziwa. Ya kwanza mwenyewe anaomba dola 60,000 na wanunuzi wanabishana nani awahi. Ya pili anaomba dola 40,000, watu wanakuja, wanazunguka nyumba, wanaondoka, hawapigi tena simu. Tofauti haiko kwenye mabati wala kwenye rangi. Mtu wa kuieleza ni mthamini, yule ambaye benki na mahakama humwita ekspe.

Kuna mambo matatu yanayochanganywa kila siku. Bei ni kile muuzaji anachotamka. Gharama ni fedha alizomwaga akijenga. Thamani ni kile ambacho mnunuzi wa kawaida, asiye na haraka na aliyeelezwa kila kitu, angekubali kulipa leo. Komisioneri, yaani dalali, anatembea na bei, kwa kuwa fungu lake linatoka kwenye mauzo na linapanda bei ikipanda. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Ila hesabu ya thamani ifanywe na mtu asiyefaidika na nyumba kuuzwa ghali au rahisi.

Mthamini anayejua kazi yake huomba karatasi kabla hajatoa futi yake. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka wazi kwamba udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Kwa hiyo unaponunua nyumba Goma, kinachohamia kwako ni haki ya kuitumia ardhi pamoja na jengo lililo juu yake. Na sheria hiyohiyo inasema haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji, ile inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Fishi ya parsele (kadi ya kiwanja), karatasi ya kartie yenye muhuri wa shefu (mkuu wa mtaa), mkataba ulioandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi, vyote vinasaidia kueleza historia ya mahali, lakini havifikii nguvu ya sertifika.

Sasa rudi Himbi. Parsele ya kwanza ina sertifika kwa jina la muuzaji mwenyewe. Ya pili bado iko kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Watoto wake wako Bukavu, Kampala na Ubelgiji, na wawili hawajatia sahihi. Anayeinunua ananunua nyumba na kesi kwa pamoja. Dola 20,000 zilizokatwa ndizo hatari hiyo, na pengine hazitoshi. Mthamini anaangalia pia aina ya haki: Mkongomani anaweza kupewa ardhi kwa muda usio na kikomo, lakini kampuni au mgeni hupewa kwa miaka isiyozidi 25, inayoweza kuongezwa. Miaka ikibaki michache, thamani nayo inashuka.

Baada ya karatasi ndipo anapoingia uwanjani, na hapa Goma haifanani na mji mwingine wowote. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya maduka hadi ziwani. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji iliangamia. Mawe ya mpaka, miti, kuta, kila kilichokuwa alama kati ya jirani na jirani kilizikwa. Aliyekuwa na vipimo vya kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, alikuwa na pa kuanzia kutafuta mipaka yake. Asiyekuwa navyo alitegemea kumbukumbu za majirani, na kumbukumbu hizo hazikupatana kila mara. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikateketeza nyumba upande wa Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kwa hiyo swali la wapi lava imepita linaingia kwenye ripoti kama swali la maji na umeme.

Lava hiyohiyo ina pande mbili. Kuchimba shimo la choo au fosi septiki (tangi la maji machafu) ni kazi ya nyundo na nondo, siku baada ya siku, na mjenzi anailipa. Lakini msingi unakaa juu ya mwamba, na mawe ya ukuta yako palepale. Magharibi ya mji, kuelekea Mugunga na Lac Vert, kuna jambo zito zaidi: mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inatuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia, na inaua. Parsele iliyo shimoni upande huo isinunuliwe kabla ya kuwauliza wakazi wa zamani, hata kama bei inavutia.

Ndipo hesabu. Njia ya kwanza ni kulinganisha na nyumba zilizouzwa karibuni kwenye kartie ileile. Ya pili ni kukadiria gharama ya kuijenga upya, kupunguza uchakavu, kisha kuongeza thamani ya ardhi. Ya tatu inafuata kodi ya pango: nyumba inayoingiza dola 300 kwa mwezi inaleta 3,600 kwa mwaka; ondoa matengenezo na miezi ya kukaa tupu, zibaki 3,000. Kama wanunuzi wa eneo hilo wanataka fedha yao irudi kwa asilimia 10 kila mwaka, nyumba ina thamani ya dola 30,000.

Njia ya kwanza ndiyo bora, na ndiyo ngumu zaidi kwetu, kwa sababu wengi huandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza ushuru wa kuhamisha hati. Mnunuzi anayekubali hilo anajiweka pabaya: amelipa 45,000, mkataba unasema 20,000, na siku mahakama ikifuta mauzo, kwa karatasi hiyo ataweza kudai arudishiwe 20,000 tu.

Kila ripoti ina tarehe, na tarehe hiyo isomwe kwa makini. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma na benki zikafunga milango. Ripoti ya 2024 ilipima soko ambalo halipo tena. Mthamini akitoa namba chini ya bei iliyoombwa, mnunuzi aombe kuonyeshwa ni nini kimekatwa. Kama ni ufa ukutani, wakubaliane nani atalipa fundi. Kama ni sahihi mbili zinazokosekana, fedha zisitoke mpaka sahihi hizo zipatikane.