Kalba: Kiwanja cha Dharura Kilichozaa Dola

Wageni wanaotazama ramani za kale za safari za ndege huniuliza swali moja: ikiwa Mwingereza ndiye aliyekuwa na manowari Ghuba nzima, kwa nini alihitaji ruhusa ya sheikh mwenye kijiji cha wavuvi ili ndege yake itue mchangani? Swali ni zuri. Jibu lake liko Kalba, mji mdogo ulio upande wa mashariki wa Falme za Kiarabu za leo, pale milima ya Hajar inapokaribia bahari ya Oman.

Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, lilianza safari za London hadi Karachi mwaka 1929, likipita pwani ya Uajemi. Ruhusa ya Uajemi ilipokwisha mwaka 1932, njia ikahamishiwa ng'ambo ya pili, upande wa Waarabu: Basra, Kuwait, Bahrain, Sharjah, kisha Gwadar na Karachi. Gwadar yenyewe ilikuwa mali ya Sultani wa Maskat, na iliendelea kuwa hivyo mpaka ilipouzwa kwa Pakistan mwaka 1958. Wabulushi wa Zanzibar na Mombasa, ambao babu zao walitoka Makran, pwani ya Iran na Pakistan za leo, kuja kuwa askari wa masultani, hawahitaji kuelezwa Gwadar iko wapi.

Ndege yenyewe ilikuwa Handley Page HP42, yenye mabawa mawili yaliyopandana na injini 4. Kasi yake ilikuwa kama kilomita 160 kwa saa, mwendo ambao gari dogo la leo linaufikia. Upepo wa mbele ukivuma kwa nguvu, hesabu yote ya mafuta inavurugika. Rubani alitafuta njia kwa macho, akifuata ufuko na visiwa, na vumbi likitanda haoni kitu. Kwa hiyo kati ya kituo na kituo palihitajika mahali pa kukimbilia: uwanja wa chumvi uliokauka ukawa mgumu, duara jeupe lililochorwa chini, mfuko wa kuonyesha upepo, na akiba ya petroli katika yale madebe ya galoni 4 ambayo huku kwetu yaliishia kupimia nafaka na kuchotea maji. Mvua ikinyesha kidogo tu, ule uwanja wa chumvi unageuka tope.

Kutengeneza mahali kama hapo hakukuwa kazi kubwa. Tatizo lilikuwa ndege ikishatua. Watu wako jangwani, mashine imeharibika, na silaha mkononi kwa kila mtu ni jambo la kawaida. Nani atawalinda? Marubani wa jeshi la Uingereza katika nchi za Waarabu walibeba barua ya Kiarabu iliyoahidi zawadi kwa atakayemrudisha rubani salama. Lakini barua haifai kitu ikiwa anayeipokea hajui kusoma, au haamini kwamba atalipwa. Kilichofaa ni jina la mkubwa wa eneo lile, mtu ambaye watu wake wanajua kwamba akisema mgeni asiguswe, haguswi.

Hapo ndipo Ghuba ilipotofautiana na Afrika yetu. Shirika lilelile lilifika Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata likaendelea hadi Cape Town kupitia Moshi, Dodoma na Mbeya. Huku gavana alitoa amri na kiwanja kikapatikana. Kule Ndola mwaka 1919, watu 700 walifanya kazi miezi 5 kubomoa vichuguu ili ndege za kwanza zipate pa kutua, na sidhani kama kuna aliyewaomba ruhusa ya ardhi. Nchi za masheikh wa Pwani ya Mapatano, yaani Falme za Kiarabu za leo, hazikuwa makoloni. Masheikh walifungwa na mikataba kuhusu bahari na mambo ya nje, lakini nchi kavu ilibaki yao, na walijua hivyo.

Baadhi yao walikataa waziwazi. Sheikh wa Ras al-Khaimah, Sultan bin Salim, alipokataa mwaka 1930 kuweka mashua ya petroli katika hori lake, Waingereza walitumia manowari na kuzishika jahazi za lulu za watu wake mpaka akakubali. Kwa hiyo neno “ruhusa” katika nyaraka hizi lisomwe kwa uangalifu. Hata hivyo hila hiyo ya manowari haikuweza kurudiwa kila mahali, kwa sababu kiwanja kinacholindwa na watu waliokasirishwa hakilindwi.

Sharjah, Waingereza walikwenda kwa mkoba wa fedha. Sheikh Sultan bin Saqr al-Qasimi alitia saini Julai 1932, baada ya mazungumzo yaliyoongozwa na Harold Dickson, wakala wa Uingereza aliyekuwa Kuwait: rupia 800 kwa mwezi kodi ya kituo, na rupia 500 zake mwenyewe. Soko la lulu lilikuwa limeanguka kwa ushindani wa lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa dunia, basi fedha hizo hazikuwa mchezo. Ilijengwa ngome ya kulaza abiria nje ya mji, na walinzi wenye bunduki walikuwa watu wa sheikh. Ngome hiyo sasa ni makumbusho ya Al Mahatta, na sehemu ya njia ya zamani ya kurukia ndege ni barabara ya mjini yenye taa na foleni.

Kutoka Sharjah kwenda Gwadar ndege ilibidi ivuke milima. Kalba iko upande wa pili wa milima hiyo, mahali hasa ambapo rubani aliyepata hitilafu angetaka pa kushuka. Lakini Kalba ilikuwa ya nani? Kwenye karatasi ilikuwa sehemu ya Sharjah. Kwa kweli Sheikh Said bin Hamad al-Qasimi alikuwa akijiendeshea mambo yake. Waingereza hawakutaka kumlipa mtu wa Sharjah kwa ulinzi ambao asingeweza kuutoa. Agosti 1936 Said aliweka saini kukubali kiwanja cha dharura, na malipo makubwa kuliko fedha yoyote yalikuwa kutambuliwa kwake kama mtawala kamili wa pwani ile, mwenye kupigiwa mizinga 3 ya heshima. Dola mpya ikazaliwa kwa sababu ya uwanja wa kutulia ndege.

Said alifariki mwaka uliofuata, mwanawe Hamad angali mtoto. Aisha, binti wa Said, alikimbilia Kalba kuushikilia mji, na wenyeji wakamweka Barut, mtumwa wa nyumba ile, awe msimamizi. Waingereza hawakumkubali, hatimaye usimamizi ukaenda kwa Khalid bin Ahmad, mtawala wa zamani wa Sharjah aliyepinduliwa na Sultan bin Saqr mwaka 1924. Mimi naona hapo wenyeji walikuwa wameshachagua mtu waliyemwamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kalba ilirudishwa chini ya Sharjah, na ndiko iliko leo.

Tarehe 1 Machi 1940, HP42 iitwayo Hannibal ilikuwa ikivuka ghuba ya Oman kuelekea Sharjah. Ndani walikuwemo watu 8, mmoja wao A. T. Pannirselvam, mwanasiasa wa Madras, India, aliyekuwa njiani kwenda London. Haikufika Sharjah wala Kalba, na haijapatikana hadi leo.